"Sina mgeni": kisa cha bibi, mjukuu na mkataba wa nyumba

Mazingira

Kisa hiki kilianza Oktoba 2022 katika mji mmoja wa kati mwa Marekani. Mhusika mkuu, ambaye nitamwita Bibi tu, amekubali nikiandike. Jina lake, mji, jengo na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa au kuyageuza kidogo. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, na baadhi ya siku nafanya kazi katika ofisi inayowahudumia wakimbizi. Nimo ndani ya kisa hiki kuliko ningependa, na mtaona kwa nini.

Jengo lenyewe ni la wazee wa miaka 62 na kuendelea. Msomaji wa nyumbani asifikirie makazi kama yale ya Sebleni, Unguja, ambako serikali inawalea wazee. Hapa hakuna muuguzi wala mpishi. Kila mzee ana nyumba yake ya chumba kimoja, sebule, jiko na bafu, anapika mwenyewe, na anafunga mlango kwa ufunguo wake. Vinavyotumiwa na wote ni lifti, chumba cha kufulia chenye orodha ya zamu, na ukumbi wa chini ambako kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mtu hushuka na sufuria yake, watu wakala pamoja. Yupo mratibu wa huduma anayesaidia fomu na miadi siku tatu kwa wiki, na yupo meneja.

Majengo ya aina hii yako chini ya mpango unaoitwa 202, namba iliyotokana na kifungu cha sheria ya nyumba ya mwaka 1959. Wizara ya nyumba, HUD, inatoa fedha, shirika lisilo la faida linaendesha jengo, na mpangaji analipa asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato. Bibi alikuwa akiishi kwa SSI, posho ya serikali kwa wazee wasio na kipato, ambayo mwaka 2023 ilikuwa dola 914 kwa mwezi. Kodi yake ikawa dola 264. Nyumba ya kawaida katika mtaa ule ingemla posho yote na bado angedaiwa.

Bibi ana miaka sabini na kitu, mjane, mzaliwa wa Kivu Kusini. Alivuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita, akakaa kambi ya Nyarugusu karibu miaka ishirini, akaletwa Marekani 2016. Wajukuu wanamwita Koko. Binti yake anafanya kazi ya usiku katika ghala la kufunga mizigo, na mwaka ule alikuwa amehamia pembezoni mwa mji kufuata kodi nafuu. Mtoto wa binti huyo, kijana wa miaka 15, shule yake ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka kwa bibi yake, na mwendo wa saa moja na nusu wa mabasi mawili kutoka kwa mama yake.

Kuanguka

Usiku mmoja wa Oktoba Bibi aliteleza bafuni. Kila bafu katika jengo lile lina kamba ya dharura, ndefu hadi karibu na sakafu, ili aliyeanguka aifikie. Ya Bibi ilikuwa imefungwa fundo juu kabisa. Aliifunga mwenyewe kwa sababu ilikuwa ikimsumbua akipiga deki. Alilala pale sakafuni hadi alfajiri, ndipo akajikokota hadi kwenye simu. Hakuvunjika, ila nyonga iliuma wiki nyingi, na hofu ikabaki.

Familia haikuitisha kikao. Kijana alikuja na begi lake Jumapili jioni akalala kwenye kochi. Jumatatu akaenda shule kutoka pale. Tangu hapo akawa analala kwa bibi yake usiku nne au tano kila wiki ya shule, na mwisho wa wiki anarudi kwa mama yake. Alikuwa anatoa taka, anapanda na ndoo za nguo kutoka chumba cha kufulia, na usiku anamfundisha bibi yake maswali ya uraia.

Maswali hayo si jambo dogo. Mkimbizi asiye raia hupewa SSI kwa miaka 7 tu. Ikipita hiyo bila uraia, posho inakatika. Miaka 7 ya Bibi ilikuwa inaisha Septemba 2023. Wakati ule mtihani ulikuwa na orodha ya maswali 100 ya historia na serikali. Mtu aliulizwa 10, akatakiwa apate 6, na juu ya hayo asome sentensi moja ya Kiingereza na kuandika moja. Bibi hakuwahi kukaa darasani utotoni. Mwalimu wake alikuwa kijana wa kidato, mezani jikoni, baada ya sahani kuoshwa.

Swali la Januari

Kila mwaka mpangaji hufanyiwa uhakiki: kipato, akiba, watu waliomo nyumbani. Meneja alimfanyia Bibi uhakiki Januari 2023 kwa msaada wa mkalimani wa simu. Mkalimani huyo nilikuwa mimi. Sikumjua Bibi wakati ule, wala yeye hakunijua. Kwenye simu sisi ni sauti na namba.

Tulifika kwenye swali la wageni. Kwa kanuni za HUD, mgeni ni mtu anayekaa kwa muda katika nyumba kwa ridhaa ya mpangaji, na kanuni za jengo lile zilisema mgeni asilale zaidi ya siku 14 kwa mwaka. Meneja aliuliza kwa sentensi moja ya haraka. Nami nikatafsiri kwa haraka ileile: "Je, una wageni wanaolala kwako?"

Akajibu, "Hapana, sina mgeni."

Nikatafsiri. Meneja akaandika. Bibi akatia sahihi.

Meneja alikuwa tayari na kumbukumbu za kadi ya mlango. Jirani alikuwa amelalamika mara mbili kwamba mlango wa ghorofa ile unabamizwa saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba kuna kijana anayeingia kila jioni kama kwake. Mara moja alilalamikia pia harufu ya dagaa wa kukaanga, lakini hilo meneja alilipuuza, na nampa haki yake kwa hilo. Kadi ya akiba ya Bibi, ile inayotolewa kwa ajili ya ndugu wa dharura, ilionyesha kufungua mlango wa nje jioni baada ya jioni tangu Oktoba.

Kwa macho ya meneja, basi, mambo yalikuwa mawili: mtu asiye kwenye mkataba anaishi ndani, na mpangaji amesema uongo kwenye fomu ya serikali. La pili ndilo zito. La kwanza hurekebishwa. La pili linaweza kumtoa mtu nyumbani na kumfungia milango ya majengo mengine ya aina ile.

Siku kumi

Barua ilikuja Februari, kwa Kiingereza, kurasa mbili. Ilisema jengo linakusudia kuvunja mkataba, na kwamba mpangaji ana siku 10 za kuomba mazungumzo.

Aliyeisoma ni kijana. Kama zilivyo nyumba nyingi zetu huku, mtoto ndiye msomaji wa barua. Aliielewa vizuri sana. Akamwambia bibi yake ni tangazo la kupuliza dawa ya mende, jambo ambalo jengo hulitangaza mara kwa mara, na jioni ileile akafunga begi lake akarudi kwa mama yake. Alidhani akiondoka tu, tatizo limekwisha. Bibi alidhani mtoto amekasirika kwa sababu alimgombeza kuhusu simu.

Siku ya saba mama mmoja wa kanisani alikuja kumsaidia kutafuta barua ya SSI katika kopo la biskuti anamoweka karatasi. Akaikuta hii. Saa mbili baadaye walikuwa ofisini kwetu, Bibi amevaa koti juu ya kitenge, kopo mapajani.

Nilimsalimia. Akaniinamia kidogo kama anayesikiliza redio, akasema, "Ni weye wa kwa simu."

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mwepesi: jibu la maandishi lifike kwa meneja siku hiyohiyo, likiomba mazungumzo na mkalimani wa ana kwa ana. Tulibakiwa na siku tatu, na siku mbili kati yake zilikuwa mwisho wa wiki. Barua yetu ilikuwa na mistari minne. Hatukueleza chochote ndani yake, kwa sababu hatukuwa bado tumemsikiliza Bibi.

Tulipomsikiliza, nilimuuliza upya, polepole, nini alielewa Januari. Akanitazama kwa mshangao. "Sina mugeni. Niko na mujukuu. Mugeni ni mutu wa kupita. Huyu ni mutoto wa hapa."

Hapo nikaona nilichofanya. Sisi wenyewe tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hesabu ya methali hiyo, kijana aliacha kuwa mgeni Jumanne ya wiki ya kwanza, alipobeba mfuko wa taka. Bibi alijibu swali aliloulizwa, na alijibu ukweli. Swali alilouliza meneja halikumfikia, maana lilikwama kwangu.

Uamuzi wa pili ulinihusu mimi. Mkalimani anafungwa na siri na kutoegemea upande. Siwezi kuwa mkalimani Januari, mtetezi Februari, kisha nikatafsiri tena katika kikao hichohicho. Nilimweleza msimamizi wangu, na kwa idhini ya Bibi, iliyoandikwa na kusomwa kwake mara mbili, nikaandika maelezo ya ukurasa mmoja: neno lililotumika kwa Kiingereza, neno nililolitumia, na tofauti ya maana. Kikao alitafsiri mwenzangu kutoka mji mwingine. Nilikaa nje kwenye kiti cha ukumbini, karibu na mashine ya soda. Nilitamani kuingia. Nilipaswa kukaa nje.

Uamuzi wa tatu ndio uliotugawanya. Mwenzetu mmoja alitaka tuseme kijana ni mlezi wa kulala ndani, kwa kuwa HUD inaruhusu mzee mwenye uhitaji kuwa na mtu wa namna hiyo, na kipato chake hakihesabiwi. Njia ilikuwepo na wengi huipita. Tuliikataa. Mlezi wa aina hiyo anatakiwa awepo kwa ajili ya huduma tu, kwa ushahidi wa daktari, na asiwe mtu ambaye angeishi pale hata huduma isipohitajika. Huyu alikuwa mtoto wa shule aliyekuja kwa bibi yake kwa faida ya wote wawili. Kumwita mlezi kungekuwa kujibu tuhuma ya uongo kwa uongo wenye muhuri.

Tukachagua kuomba aongezwe kwenye mkataba kama mtu wa nyumba. Meneja, kama watu wengi, aliamini jengo la miaka 62 halipokei mtoto. Ni kweli kwamba sheria inaruhusu baadhi ya majengo ya wazee kuzuia familia zenye watoto. Lakini mwongozo wa HUD kwa majengo ya wazee yanayopata ruzuku yake unasema mmiliki asimnyime nafasi mzee anayestahili kwa sababu tu familia yake ina mtoto. Umri unamhusu mkuu wa nyumba. Mwenzangu alikwenda na ukurasa huo umechapwa, mstari umepigwa kalamu ya njano.

Uamuzi wa nne ni wangu, na najuta. Nilishauri kijana asilale kwa bibi yake hadi majibu yatoke, ili tusiongeze kosa juu ya kosa.

Matokeo

Kikao kilidumu dakika arobaini. Meneja alisoma maelezo yangu, akauliza mara mbili kama mkalimani aliyeyaandika ndiye yule wa Januari, kisha akafuta tuhuma ya uongo palepale. Notisi ya kuvunja mkataba iliondolewa kwa barua wiki iliyofuata. Ombi la kumwongeza kijana lilichukua wiki sita: cheti cha kuzaliwa, barua ya mama, barua ya shule, hesabu ya usiku anaolala pale. Mtoto wa nyumba mbili huhesabiwa akiwepo nusu ya wakati au zaidi. Usiku nne kati ya saba ulitosha. Kochi ndilo kitanda chake, na Bibi alitia sahihi kwamba haombi nyumba kubwa zaidi.

Kodi ilishuka. Mtegemezi mmoja aliye chini ya miaka 18 alikuwa na makato ya dola 480 kwa mwaka. Asilimia 30 yake, ukigawa kwa miezi 12, ni dola 12. Bibi akaanza kulipa 252. Alituuliza kama ni makosa na kama watamdai baadaye.

Katika zile wiki sita kijana alichelewa au kukosa kipindi cha kwanza mara kumi na moja. Bibi alilala na taa inawaka. Hakuna aliyemfundisha yale maswali 100.

Juni alikwenda kwenye usaili wa uraia. Historia alipita, kuandika kukamshinda. Sheria inampa mtu nafasi ya pili kati ya siku 60 na 90, na Agosti akaandika sentensi yake vizuri. Aliapa Oktoba. SSI ilikuwa imekatika Septemba, ikarudi baada ya cheti kupelekwa, na mwezi ule wa katikati aliishi kwa michango ya kanisa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni ule ukurasa mmoja. Tungeweza kwenda na hoja ya utamaduni, kwamba "Waafrika wanaishi pamoja na wajukuu", na nina hakika tungeshindwa, kwa sababu meneja angejibu kwamba kanuni ni moja kwa wote, naye angekuwa sahihi. Hoja ya neno moja, pamoja na siku na saa lilipotamkwa, iliweza kuthibitishwa. Ilimpa pia meneja njia ya kurudi nyuma bila kuonekana ameshindwa.

Tangu hapo situmii tena neno mgeni katika uhakiki wa nyumba, hata fomu ikiwa nalo. Nauliza meneja kwanza anataka kujua nini, kisha natafsiri hicho: "Nani amelala humu ndani wiki hii, hata kama ni ndugu yako, hata kama ni mtoto?" Wenzangu wengine wanasema naongeza maneno. Naona nalipa deni la maneno yaliyokuwa yamefichwa ndani ya lile moja. Wakati ule majengo yanayopokea fedha za serikali yalitakiwa, chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, kuchukua hatua za kumfanya asiyejua Kiingereza aelewe kweli. Kuita simu na kusikia Kiswahili upande wa pili si ushahidi kwamba ameelewa.

Barua ile ingeweza kutumaliza. Siku saba kati ya kumi zilipotea kwa sababu aliyekabidhiwa kuisoma ndiye aliyekuwa mada yake. Sijui ni wazazi wangapi wamepoteza nyumba, matibabu au posho kwa namna hii, mtoto akiwakinga na habari mbaya. Kijana mwenyewe aliniambia baadaye kwamba angekuwa na mtu mzima mmoja tu wa kumwonyesha, angemwonyesha. Sasa kila familia tunayoihudumia tunaipa kadi yenye namba yetu na sentensi moja: barua yoyote yenye nembo ya jengo, ipige picha ututumie kabla ya kuisoma kwa sauti.

Kuhusu ushauri wangu wa kumzuia kijana: haukuwa na ulazima. Meneja alisema baadaye kwamba angeombwa kibali cha muda wakati ombi likishughulikiwa angekitoa. Sikuuliza. Niliogopa, nikauita uoga huo uangalifu, na gharama yake wakalipa wengine.

Jambo jingine hatukuliona kabisa. Kijana alipoandikwa kwa bibi yake, ofisi ya msaada wa chakula ilimwondoa kwenye hesabu ya mama yake, na kwa miezi mitatu mama akapungukiwa hadi karatasi zilipopangwa upya. Tulimtetea mtu wa jengo lile tukasahau kwamba familia ina mlango mwingine upande wa pili wa mji. Binti hakutulalamikia. Alisema tu, "Mlinisaidia Mama, ya kwangu nitajua." Hiyo ndiyo sentensi ninayoikumbuka nikifungua faili mpya.

Na jirani. Ni rahisi kumfanya mbaya wa kisa, na nilianza hivyo. Kisha akamwambia mratibu wa huduma, mbele ya watu chumba cha kufulia, kwamba miaka miwili nyuma mwanawe alipoachana na mkewe aliomba akae kwake miezi michache, jengo likamkatalia kwa kanuni ileile ya siku 14. Hakuna aliyemweleza kwamba kuna ombi linaloweza kuandikwa. Mwana alihamia jimbo jingine. Mtu mzima ana masharti magumu kuliko mtoto, na huenda angekataliwa hata hivyo, lakini hakupewa hata fomu. Mratibu sasa amebandika kanuni za kuongeza mtu kwenye ubao wa ukumbini, kwa lugha nne. Jirani na Bibi wanasalimiana kwa kichwa ndani ya lifti. Kijana bado anapita ngazi.

Kamba za bafuni mratibu alizipitia nyumba hadi nyumba. Nyingi alizikuta zimefungwa juu, na si kwa wahamiaji tu. Ya Bibi ilifunguliwa mwezi ule wa Februari. Mara ya mwisho nilipokwenda kunawa mikono niliikuta imefungwa tena, fundo dogo, juu kidogo ya kiuno. Nililifungua, naye akanitazama kutoka mlangoni akasema nitalirudisha mwenyewe ukienda.

Kijana atatimiza miaka 18 akiwa bado shuleni. Siku hiyo mkataba utamhesabu kama mtu mzima: atapekuliwa rekodi zake, atatia sahihi fomu zake mwenyewe, na makato ya zile dola 12 yatategemea kama anasoma muda wote. Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya ofisi, miezi mitatu kabla. Uhakiki ujao wa Bibi atafanya mkalimani mwingine, na nimemwachia kwenye faili lile swali langu refu la nani amelala humu.